Vikaratasi Kumi vya Soda

Barua ilipofika, Idarusi Miraji aliisoma mara nne akiwa amesimama palepale posta. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akatoka nje, kisha akarudi ndani kuisoma tena karibu na dirisha, asije akawa ameongeza maneno kwa tamaa yake. Hakuwa ameongeza. Barua ilisema kwamba maombi yake ya kujiunga na chuo cha wachanganya dawa huko Dar es Salaam yamepokelewa, kwamba nafasi za jimbo zima la Tanga ni mbili, na kwamba afike hospitali ya Serikali siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, kwa usaili. Aje na kalamu yake.

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na karani wa posta akamtazama kwa jicho la kuuliza, huyu naye vipi.

Karani asingejua. Mwaka uliotangulia Idarusi alipeleka maombi yale yale na hakujibiwa hata neno moja. Mwaka huu wa 1954 ndio uliokuwa wa mwisho kwake, kwa kuwa chuo hakikumpokea mtu aliyepita miaka ishirini na mmoja, na yeye miaka hiyo alikuwa anaitimiza mwezi wa Desemba. Akikosa safari hii, amekosa moja kwa moja. Tena mjomba wake Jumbe alikuwa ameshamtafutia kazi ya kuhesabu matita ya mkonge katika shamba moja la Pongwe, na aliisifu kazi ile kwa moyo wote, kama wanavyosifu watu kazi ambayo hawataifanya wao.

Tamaa ya dawa ilimwingia Idarusi alipokuwa na miaka kumi na minne. Alilazwa wiki nzima kwa homa, na kitanda chake kilielekea dirisha la chumba cha dawa. Humo alimwona mtu mweusi kama yeye, amevaa koti jeupe, anainua chupa mpaka usawa wa macho na kuitazama bila haraka, watu thelathini wamepanga foleni wanakohoa, naye hana habari nao mpaka amalize. Idarusi alikuwa hajapata kumwona mtu mzima mwenye utulivu wa namna ile. Katika ukoo wao watu walikuwa na kelele, wote, hata marehemu walisemekana walikuwa na kelele. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Aliishi Nguvumali kwa shangazi yake Semeni, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Semeni alikuwa mzaliwa wa Tongoni, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kugomba, na alikuwa na meza ya viungo sokoni: bizari, hiliki, karafuu, habasoda, ubani na hina. Idarusi alipomaliza darasa la kumi akaanza kumsaidia pale mezani, na kwa miaka mitatu mikono yake ilijifunza kazi mpaka haikuhitaji tena kuulizwa. Unachota, unatia kwenye kitanga cha mizani, unangoja vitanga viwe sawasawa, halafu, kabla hujafunga karatasi, unatia vidole viwili kwenye kopo na kumrushia mteja kidogo juu yake. Hiyo ndiyo nyongeza. Haiandikwi, haiombwi, na ole wake muuzaji anayeisahau. Mteja asipoona kitanga kimeinama upande wake huondoka na uso wa mtu aliyeibiwa, na kesho utamwona kwenye meza ya jirani.

Basi barua ikaletwa nyumbani, ikasomwa kwa sauti, na Semeni akataka isomwe tena. Kisha akauliza, "Huo usaili ndo nini? Watakupima damu?"

"Wataniuliza maswali, shangazi. Waone kama nafaa."

"Waje waniulize mimi niliyekulea."

Aliyemfundisha namna ya kujibu alikuwa Timotheo, kijana Msambaa kutoka upande wa Lushoto, mfunga vidonda katika zahanati ya shamba la mkonge kule Pongwe. Mwaka uliopita Timotheo mwenyewe aliitwa kwenye usaili huohuo akashindwa, kwa hiyo aliyajua maswali yote, na alikuwa na hasira nayo. Kila Jumapili, akitoka kanisani kwao Walutheri, alipanda baiskeli mpaka Nguvumali na kumkalisha Idarusi barazani. Greni sitini ni dramu moja. Dramu nane ni aunsi moja. Greni yenyewe ni kidogo kiasi cha punje ya ngano, na mtu anayeidharau greni, alisema Timotheo, arudi akauze mchicha.

"Sasa nitazame machoni," akaamuru.

"Siwezi kumkazia macho mtu mzima, kaka Timo. Ni utovu wa adabu."

"Yule Mzungu usipomtazama atadhani unaficha kitu. Mimi nilitazama sakafu mwanzo mpaka mwisho. Unaona nilipo."

"Na akimkodolea sana je?" Semeni akaingilia kutoka ndani, "si atadhani ataka kumpiga?"

Wakabishana nusu saa. Mwisho ikaamuliwa kwamba Idarusi atamtazama Mzungu puani, ambapo si machoni wala si sakafuni, na heshima ya kila upande itabaki salama. Kisha Semeni akajitolea kuwa Mzungu. Akaketi kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akaweka mwavuli magotini, akakunja uso.

"Weye Idarusi! Kwa nini wataka kazi ya dawa?"

"Kwa sababu napenda kuwahudumia wagonjwa, bwana."

"Uwongo! Wataka koti jeupe, uwaringie wasichana!"

Timotheo alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini baada ya kucheka akasema, "Akikuuliza hivyo kweli, kubali. Sema koti nalo nalitaka. Mtu mkweli hawamfukuzi haraka." Na Idarusi akaliweka hilo pamoja na mengine.

Jumatano ikafika. Waombaji walikuwa kumi na mmoja kwenye benchi refu la veranda ya hospitali, mashati yamepigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Aliyeketi karibu na Idarusi aliitwa Kristofa Rafaeli, Mkatoliki, mtoto wa wafanyakazi wa mkonge. Kijana huyu alikuwa akijipangusa viganja kwenye suruali na kuomba radhi kila mara kwa kujipangusa. Aliitwa kabla ya Idarusi. Alitoka baada ya muda, uso umemlegea, akasema, "Si wabaya. Kumbe si wabaya," akaketi tena kama gunia lililotuliwa.

Zamu ya Idarusi ikafika. Nyuma ya meza ndefu walikuwako wawili. Mmoja alikuwa Mzungu mwembamba mwenye miwani, mkuu wa mambo ya dawa, ambaye pua yake, kwa bahati njema, ilikuwa kubwa na rahisi kuitazama. Wa pili alikuwa Bwana Luka, mchanganya dawa mkongwe, nywele zimeingia mvi, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Idarusi alimwamkia shikamoo kwanza, ndipo akamgeukia Mzungu kwa Kiingereza chake cha shule.

Maswali yalikwenda vizuri kuliko ndoto. Greni, dramu, aunsi, yote yalitoka bila kugongana. Aliulizwa kwa nini chupa ya sumu huwekwa rafu ya peke yake, akajibu. Aliulizwa kama ni kweli anapenda kuwahudumia wagonjwa, akasema ndiyo, na koti pia analipenda. Mzungu akacheka kwa puani. Idarusi akahisi mabega yake yanashuka mahali pake.

Kisha Bwana Luka akamsogezea mizani ndogo ya shaba, mawe ya kupimia, kopo la unga mweupe, kijiko na karatasi zilizokatwa. "Hii ni soda tu ya tumbo," akamwambia. "Pima greni kumi kumi, ufunge vikaratasi kumi. Una robo saa."

Robo saa! Idarusi nusura atabasamu. Mizani ilikuwa ileile ya kwao, ila ndogo zaidi. Mikono ikashika kazi, yeye akabaki kuitazama. Chota, tia, ngoja, funga. Alikunja karatasi kwa ule mkunjo wa sokoni usiomwaga hata ukiutupa ukutani. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika nne, akavipanga vikaratasi vyake mstari mmoja, na Bwana Luka akainua nyusi kuona mkunjo ule. "Kasubiri nje," Mzungu akasema. Idarusi akatoka akiwa mwepesi, miguu haimgusi chini, akaketi karibu na Kristofa, na kwa mara ya kwanza tangu posta akapumua mpaka tumboni.

Langoni palikuwa na mama mmoja anauza karanga. Kristofa, ambaye njaa ilikuwa imemrudia sasa baada ya hofu kuondoka, akamwita. Mama akaja na ungo wake, akachota kikombe, akakisawazisha kwa kiganja, akamimina kwenye karatasi. Kisha, bila kuangalia, akatia vidole kwenye ungo na kumrushia karanga nne tano juu yake.

Idarusi aliiona mikono ile. Akaitazama ya kwake. Kwenye kidole gumba na cha shahada, chini ya kucha, palikuwa na unga mweupe.

Yeye hakuwa ameuchota unga ule kwa vidole. Kulikuwa na kijiko. Vidole viliingia koponi kwa kazi moja tu. Akajaribu kujipa moyo kwamba pengine alifanya hivyo mara moja, pengine mbili. Akafumba macho na kuiruhusu mikono irudie kazi juu ya magoti: chota, tia, ngoja, na pale kabla ya kufunga, vidole viwili vikaenda vyenyewe. Vyote kumi. Alikuwa amempa nyongeza kila mgonjwa wa hospitali ya Serikali.

"Una nini?" Kristofa akauliza, mdomo umejaa.

Idarusi akamweleza kwa kunong'ona. Kristofa akaacha kutafuna.

"Nyamaza tu," akasema, na alisema kwa wema, maana hakuwa mtu wa hila. "Pengine hawapimi tena. Pengine wanatazama mkunjo. Ukirudi kusema, umejifukuza mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Idarusi aliona wazi kwamba ndivyo ilivyo: akinyamaza ana nafasi, akisema hana, na mwaka mwingine hakuna. Alimwona mjomba Jumbe. Aliyaona matita ya mkonge, yamepangwa mpaka upeo wa macho, yanangoja kuhesabiwa. Akalitaka koti lile jeupe mpaka kifua kikamuuma. Lakini kilichomtisha zaidi hakikuwa Mzungu wala mjomba. Kilikuwa mkono wake mwenyewe, uliofanya jambo mara kumi mbele ya macho yake bila kumwambia. Kama umefanya leo, kwenye soda, utafanya na kesho, kwenye chupa ya rafu ya peke yake. Na yule atakayekunywa atakuwa ametoka Tongoni au Pongwe, amekuja na mtoto mgongoni, na atasema ahsante.

Akangoja mwombaji aliyekuwa ndani atoke. Akasimama, akabisha hodi.

"Umesahau kalamu?" Bwana Luka akamwuliza.

"Hapana, mzee. Nimekosea dawa."

Akaanza kueleza kwa Kiingereza, akafika mahali akakwama, maana neno la nyongeza hakulijua kwa Kiingereza na mpaka leo sijui kama wanalo. Akamalizia kwa Kiswahili, mikono ikisaidia. Bwana Luka akamsikiliza, akashika kidevu, akamgeukia Mzungu na kumfasiria maneno marefu, na katikati ya maneno yale naye akaonyesha kwa vidole viwili, kidogo juu yake, kama muuzaji.

Mzungu akavisogeza vikaratasi karibu. Akafungua kikaratasi kimoja, akakitia kwenye mizani. Kitanga kikainama. Akafungua cha pili. Kikainama. Alivifungua vyote vilivyobaki mpaka cha mwisho, na Idarusi akasimama kuviangalia vikiinama kimoja baada ya kingine.

"Kwa nini watu wenu hufanya hivi?" Mzungu akauliza.

"Mteja asipopewa, bwana, huona ameibiwa."

"Na kama hii ingekuwa dawa kali, ya kupimwa kwa greni moja?"

"Angekufa mtu, bwana."

"Naye ungekuwa umemfanyia ukarimu," Mzungu akasema, na hakucheka.

Idarusi alikuwa amesahau kabisa habari ya pua. Alikuwa akimtazama Mzungu machoni na hajitambui. Ndipo Bwana Luka akamwuliza kwa Kiswahili, polepole, "Huo mkono wako, waweza kuuzuia?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. "Sijui, mzee," Idarusi akajibu. "Ni wa miaka mitatu. Ila naweza kuufungia kopo."

"Vipi?"

Akasogea mezani. Akachota unga kwa kijiko, akaumwaga kwenye karatasi, akalifunika kopo na kuligandamiza kifuniko, akalisukuma upande wa kushoto. Ndipo akaishika mizani. Mzungu akatazama saa ya ukutani, akamfasiria mwenyewe kwa vidole: vikaratasi vitano.

Safari hii hakuwa mwepesi. Jasho lilimtoka mpaka nyusi. Kwenye kikaratasi cha kwanza, vitanga vilipolingana, mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe, ukaenda mpaka koponi, ukagonga kifuniko na kurudi, umeaibika. Kwenye cha pili ukaanza kwenda ukakoma njiani. Kwenye cha tano ukatulia. Mzungu akavipima vyote vitano, taratibu, na kila mara vitanga vikasimama sawasawa. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Kasubiri nje," akasema tena, kwa sauti ileile ya kwanza, isiyokuwa na habari yoyote ndani yake.

Walisubiri mpaka saa nane. Kristofa alimwachia karanga zote, naye hakuweza kumeza hata moja. Bwana Luka alipotoka na karatasi mkononi, watu kumi na mmoja wakasimama kwa pamoja.

"Wa kwanza," akasoma, "Kristofa Rafaeli." Kristofa akajipangusa viganja. "Wa pili." Hapo Bwana Luka akashikwa na kikohozi, Mungu amsamehe, kikohozi kirefu chenye vituo, akatoa leso, akajifuta, akaikunja leso, akairudisha mfukoni. "Wa pili, Idarusi Miraji."

Idarusi akaketi. Kitu kizito kilichokuwa kifuani tangu asubuhi, na pengine tangu mwaka uliotangulia, kikaondoka mara moja, na akasikia vitu ambavyo vilikuwepo siku nzima: kunguru kwenye paa, ndoo inaburutwa, mtoto analia wodini. Alikuwa na furaha, lakini kabla ya furaha alikuwa amepumzika, na kupumzika kule kulikuwa kutamu zaidi.

Wengine walipokwisha kutawanyika, Bwana Luka akainama karibu naye. "Nikuambie jambo, kijana. Wewe ulipokuwa huku veranda, tulikuwa tumeshapima vikaratasi vyako viwili. Jina lako lilikuwa limeshakatwa kwa mstari kabla hujabisha hodi." Akanyoosha koti lake. "Bahati yako, Bwana Mkubwa hutumia penseli."

Kristofa, aliyekuwa amesimama hapo amezirudia karanga zake, akapaliwa nazo.

Kutoka hospitali mpaka sokoni Idarusi hakumbuki alipitia njia gani. Alitaka kumkuta shangazi peke yake amwambie polepole, lakini soko ni soko. Hajafika hata mezani, Bi Kijakazi, muuza dagaa wa meza ya pili, akamshika mkono kwa huruma nyingi.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Usiseme, usiseme, utajitonesha."

Idarusi akadhani habari zimefika zikiwa zimeharibika njiani. Mwanamke mwingine akamwambia asinywe kitu cha moto. Wa tatu akamwuliza kama ni la juu au la chini. Akapita akiitikia kwa kichwa, haelewi hata moja, mpaka Semeni akamnyaka shati na kumvutia nyuma ya magunia ya bizari.

"Imekuwaje?" Uso wake ulikuwa umesinyaa. Hakuwa na kelele hata kidogo.

"Nimepata, shangazi. Nakwenda Januari."

Semeni akakaa juu ya gunia. Akafunika uso kwa ncha ya kanga, akakaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. "Mola wangu," akasema ndani ya kanga. "Mola wangu, ahsante."

"Shangazi, wananipa pole ya nini?"

"Ya jino."

"Jino gani?"

"Tangu alfajiri nawaambia umekwenda kung'olewa jino." Akashusha kanga. "Husuda, mwanangu. Mambo kama haya hayatangazwi kabla hayajawa." Kisha akatazama chini, akaanza kufuta bizari isiyokuwapo kwenye magoti yake. "Na tena nilisema, ukikosa je? Utarudi hapa umeinamisha uso, machozi yakutoka, na watu wote hawa. Nikaona, mtu wa jino akilia, hapana wa kumwuliza. Watampa pole wamwache. Ungelia mpaka uchoke."

Idarusi akataka kucheka. Alikuwa ameanza kucheka, kweli, lakini akamwona shangazi amekaa hapo tangu alfajiri, anapima hiliki na kusema uwongo kwa kila mpita njia, anamtengenezea mahali pa kulilia. Siku nzima hakutoa chozi, mbele ya Mzungu wala kwenye benchi. Sasa yakamtoka yote kwa mpigo, akasimama kati ya magunia, kijana mzima wa miaka ishirini, analia kwa sauti ya ukoo wao.

"Semeni!" Bi Kijakazi akapiga kelele kutoka meza ya pili. "Wamwacha mtoto ateseka? Mpe karafuu aing'ate!"

Semeni akafungua mdomo ili amweleze, kikatoka kigelegele.